Ya Ngoswe mwachie Ngoswe

Moto ulianzia kwa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilikuwa darasa la nne. Ninachokumbuka kwanza ni harufu, ile harufu ya nailoni inayoungua, kisha nikamsikia mama anafungua komeo la mlango wa uani. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, fundi alikuwa na nguo za harusi za watu, kwa hiyo akawa anashonea kibatari. Mengine utajaza mwenyewe.

Nilipotoka nilikuta wanaume wa mtaa wamejaa barabarani, mikono kiunoni, wanatazama. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Fundi alikuwa mtu wa ugomvi. Nusu ya mtaa ilikuwa inamdai, na ile nusu nyingine alishawahi kuiharibia kitambaa. Tena miaka miwili nyuma liliwahi kuungua banda la jirani mwingine, vijana wakajitosa, mmoja akatoka na kovu la mkono analo mpaka leo, na mwenye banda hata asante hakusema. Kwa hiyo mzee mmoja alipotamka, "Ya Ngoswe mwachie Ngoswe," hakuna aliyembishia.

Mama alikuwa na mpira wa maji (wa maji, si wa Simba na Yanga) ambao alimwagilia mchicha wa kuuza. Aliufunga kwenye bomba letu, akauburuta mpaka uchochoroni. Hakuwahutubia wale wanaume. Hakutaja ujirani mwema wala Siku ya Kiyama. Aliwaambia tu vijana wawili waliokuwa karibu, "Hebu nishikieni hapa katikati, usije ukajikunja." Sasa nani atakataa kushika mpira? Baada ya dakika chache mpira ukawa haufiki, ikabidi wasogee. Wakasogea. Kisha maji yakapungua nguvu, mtu akapaza sauti leteni ndoo. Haikupita robo saa yule mzee wa Ngoswe alikuwa amevua shati, amepanda ukuta wa fundi, anapokea ndoo. Ungemuuliza ni saa ngapi aliamua kuzima moto wa fundi, asingekuwa na jibu.

Usiku ule ulinirudia nikiwa mtu mzima, nasoma maneno ambayo Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliwaambia waandishi wa habari tarehe 17 Desemba 1940. Alikuwa ametoka mapumzikoni Karibiani, ndani ya manowari Tuscaloosa, na huko huko ndege ya majini ilimpelekea barua ndefu kutoka kwa Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza. Barua ilikuwa na heshima zote, ila chini ya heshima kulikuwa na aibu ya mtu mzima anayekuja kusema mfuko umetoboka. Uingereza ilikuwa inakaribia kuishiwa dola. Silaha bado inazitaka, meli bado inazitaka, fedha taslimu hakuna. Na sheria za Marekani zilikataza kuikopesha nchi iliyo vitani, zikakataza pia kuikopesha nchi ambayo haijalipa madeni ya vita ya kwanza. Uingereza ilikuwa na makosa yote mawili.

Roosevelt hakuanza na sheria. Alisema, tuseme nyumba ya jirani yangu imeshika moto, nami nina mpira wa bustani, uko futi mia nne au mia tano kutoka hapo. Akiuchukua akaufunga kwenye bomba lake, huenda nikamsaidia kuuzima moto wake. Sasa nafanyaje? Simwambii kwanza, "Jirani, mpira huu nimeununua dola 15, nilipe dola 15." Sizitaki dola 15. Nautaka mpira wangu moto ukishazimika. Ukirudi mzima, ananirudishia na kunishukuru, yameisha. Ukirudi umetoboka, atauliza ulikuwa futi ngapi, nitamwambia futi 150, naye atasema haya, nitakuletea mwingine.

Hapo nilicheka peke yangu, maana mpira wa mama ulirudi vipande viwili vilivyoyeyuka kama mshumaa, na fundi hakuwa na hela ya kununua mwingine. Alichofanya, shule zilipofunguliwa Januari alitushonea mimi na dada yangu sare, bure, na fundi yule akitaka kazi yake ilikuwa safi. Sheria iliyozaliwa na mpira wa Roosevelt, ile ya kuwaazima marafiki silaha (Lend-Lease), iliandikwa karibu hivyo hivyo: malipo yanaweza kuwa ya vitu, au ya mali, au ya faida nyingine yoyote, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, ambayo Rais ataiona inatosha. Mama aliona sare zinatosha.

Seneta Robert Taft wa Ohio alijibu kwa maneno matamu kuliko wapinzani wenzake wote. Alisema kuazimana silaha za vita ni sawa na kuazimana bablishi: ikishatafunwa huitaki tena. Ukipima hoja kwa hoja, Taft ndiye aliyekuwa sahihi. Kifaru kilicholipuliwa hakirudi ghalani. Tatizo lake ni kwamba yeye alikuwa anajadili vifaru, na wananchi walikuwa wameshaanza kufikiria jirani na moto.

Lakini nisiruke. Wengi wetu tunapoisoma habari hii tunawaona Wamarekani wa miaka ile kama watu waliolala, mpaka akaja mtu mwenye akili kuwaamsha. Mimi nawaona kama wale wanaume wa mtaani kwetu. Walikuwa na sababu zao.

Mwaka 1917 waliambiwa wanakwenda kuifanya dunia iwe mahali salama kwa demokrasia. Walipoteza zaidi ya watu 116,000, na zaidi ya nusu ya hao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa maradhi, hasa ile homa ya mafua ya 1918. Baada ya hapo Ulaya iliendelea kugombana kama kawaida yake. Fedha walizokopesha hazikurudi, ni Finland peke yake iliyoendelea kulipa. Mwaka 1934 Seneta Gerald Nye wa North Dakota akafungua uchunguzi wa viwanda vya silaha na mabenki, na kilichotoka humo kikawafanya watu wengi waamini kwamba vijana wao walikufa ili matajiri wauze baruti. Huku nyumbani uchumi ulikuwa umeanguka, watu wanapanga foleni ya supu. Wewe ungekuwa mkulima wa Kansas aliyenyang'anywa shamba na benki, halafu mtu aje akwambie habari za mpaka wa Czechoslovakia?

Ndiyo maana Bunge lao lilitunga sheria za kutoegemea upande mwaka 1935, likazikaza 1936, likazikaza tena 1937. Januari 1938 ulifika bungeni mpango wa mbunge Louis Ludlow wa Indiana, kwamba katiba ibadilishwe ili nchi isitangaze vita bila kura ya wananchi wote, isipokuwa ikishambuliwa. Ulizuiwa kwa kura 209 dhidi ya 188. Zingegeuka kura kumi na moja tu, mpango ule ungesonga mbele.

Roosevelt mwenyewe alianza vibaya. Tarehe 5 Oktoba 1937 alisimama Chicago, ngome ya watu wa Ngoswe, akasema uvunjaji wa sheria duniani umekuwa kama tauni, na jamii ikipata mgonjwa wa kuambukiza humweka karantini. Hotuba nzuri. Baadhi ya magazeti yakamshukia, wabunge wengine wakatishia kumng'oa madarakani, viongozi wa chama chake wakakaa kimya kana kwamba walikuwa bafuni hotuba ikisomwa. Baadaye alimwambia msaidizi wake Samuel Rosenman kwamba ni jambo baya sana kugeuka nyuma, wakati unajaribu kuongoza, ukakuta hakuna mtu.

Nadhani kosa la Chicago lilikuwa hili: aliwatia watu hofu asiwape cha kushika. Karantini, sawa, lakini tufanye nini kesho asubuhi? Hakusema, na waandishi walipombana siku iliyofuata alikwepa. Baada ya hapo hakuwahi tena kuwaonyesha watu moto bila kuwakabidhi kipande kidogo cha mpira.

Vita ilipoanza Ulaya mwezi Septemba 1939, alizungumza redioni katika yale mazungumzo yake ya kuota moto, kama babu anavyosema na wajukuu. Taifa hili litabaki haliegemei upande, alisema, lakini siwezi kumwomba kila Mmarekani asiegemee hata katika fikra zake. Sentensi hiyo inaonekana ya upole mpaka ukumbuke kwamba mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson aliwaomba hicho hicho, wasiegemee kwa vitendo wala kwa fikra. Roosevelt aliufungua mlango wa moyoni, akauacha wa mbele umefungwa. Miezi miwili baadaye Bunge likakubali silaha ziuzwe kwa walio vitani, kwa sharti kwamba mnunuzi alipe taslimu na abebe mwenyewe kwa meli zake. Hatua hiyo ilinadiwa kama njia ya kukaa nje ya vita. Kila hatua iliyofuata ilinadiwa hivyo hivyo, na hili ndilo ningependa mtu alishike kuliko yote: kabla ya Desemba 1941 Roosevelt hakuwahi kuwaomba Wamarekani waingie vitani. Aliwaomba washike mpira kidogo, ili moto usifike kwao. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Halafu ikaja 1940. Ufaransa, ambayo katika vita ya kwanza ilisimama miaka minne, ikaanguka ndani ya wiki sita. Hakuna hotuba inayoweza kufanya kazi iliyofanywa na picha za askari wa Ujerumani wakipita Paris. Ila kiongozi anaweza kuipoteza nafasi kama hiyo, na Roosevelt hakuipoteza. Tarehe 20 Juni, siku chache tu kabla ya mkutano mkuu wa chama cha upinzani, aliwachukua Warepublican wawili akawapa wizara za kijeshi. Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Rais Hoover, akapewa Wizara ya Vita. Frank Knox akapewa Jeshi la Majini, na huyu Knox ndiye aliyekuwa mgombea mwenza dhidi ya Roosevelt mwenyewe mwaka 1936. Fikiria mwenyewe uchaguzi uko mlangoni, unawaita mahasimu wako jikoni kwako na kuwapa visu.

Septemba akawapa Waingereza manowari 50 kuukuu zilizobaki tangu vita ya kwanza, na Marekani ikapata haki ya kuweka vituo vya kijeshi kwa miaka 99 kuanzia Newfoundland hadi Trinidad. Hakwenda kuomba ruhusa bungeni. Alimtaka Mwanasheria Mkuu, Robert Jackson, aandike maoni ya kisheria kwamba inawezekana, kisha akawatangazia watu. Hakusema nimeisaidia Uingereza. Alisema hakuna lililoimarisha ulinzi wetu kiasi hiki tangu tuinunue Louisiana. Mswahili anaijua biashara hiyo: mtoto wa dukani anakufungia kipande cha sabuni kama zawadi, na wewe unatoka umenunua katoni.

Mwezi huo huo ikapita sheria ya kuandikisha vijana jeshini kwa lazima, ya kwanza katika nchi hiyo wakati wa amani. Oktoba 16 walijiandikisha zaidi ya wanaume milioni 16. Tarehe 29 ikachezeshwa bahati nasibu, na hapo ningependa tukae kidogo, maana naiona kama tamthilia. Washington, ukumbini, liko bakuli kubwa la kioo, lile lile lililotumika 1917. Stimson, mzee wa miaka 73, amefungwa macho kwa kitambaa cha manjano kilichokatwa, walisema, kwenye kiti cha siku ya kutia saini Azimio la Uhuru. Anaingiza mkono, anatoa kidonge chenye namba ndani, anampa Rais. Rais anasoma: 158. Mwanamke mmoja ukumbini akapiga ukelele, ile ilikuwa namba ya mwanawe.

Uchaguzi ulikuwa umebaki wiki moja. Washauri wengine walimsihi aahirishe. Hakuahirisha, ila aliposema redioni alilikwepa neno la lazima. Alitumia neno la zamani, "muster", la wakulima wa New England waliokusanyika na bunduki zao kupigana na Mwingereza mwaka 1775. Kwa Kiswahili ningesema alitoka kwenye "kukamatwa jeshi" akaenda kwenye "mgambo". Wanasiasa wetu wakibadilisha maneno huwa wanatafuta maneno mapya, marefu, yenye harufu ya semina. Yeye alirudi nyuma kwenye stoo ya mababu.

Kesho yake, Boston, akaharibu. Mpinzani wake, Wendell Willkie, alikuwa amepandisha sauti kwamba Roosevelt anawapeleka watu vitani, na kura zilikuwa zinayumba. Basi akawaambia akina mama na akina baba: nimelisema hili kabla, na nitalisema tena na tena na tena, vijana wenu hawatapelekwa kwenye vita yoyote ya kigeni. Siku zote alikuwa akiongeza, "isipokuwa tukishambuliwa." Safari hii hakuongeza. Rosenman alipomkumbusha akajibu haina haja, tukishambuliwa si vita ya kigeni tena. Ni jibu la wakili, na yule mama wa namba 158 hakuwa amesomea sheria.

Alishinda muhula wa tatu, ndipo ikaja habari ya mpira na ule mswada wa kuazima silaha. Waliupa namba 1776, mwaka wa uhuru wao, kwa hiyo anayeupinga anajikuta anaipinga namba. Ulipita Baraza la Wawakilishi kwa 260 dhidi ya 165, Seneti 60 dhidi ya 31, ukatiwa saini Machi 11, 1941. Kuanzia dola bilioni 7 za mwanzo, hadi vita inakwisha misaada ile ilifika takriban bilioni 50.

Wapinzani hawakulala. Kamati yao kubwa, America First, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, ilifikia wanachama wapatao 800,000, na sauti yake ilikuwa Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, kipenzi cha nchi nzima. Humo walikuwamo wapenda amani wa kweli, akina mama waliozika waume 1918, matajiri wasiompenda Roosevelt, na wenye chuki ya Wayahudi. Lindbergh mwenyewe alilipasua jipu Des Moines, Septemba 11, 1941, aliposema wanaoisukuma nchi vitani ni Waingereza, Wayahudi na serikali ya Roosevelt. Siku ile alimfanyia Roosevelt kazi ambayo hotuba kumi zisingeifanya.

Na siku ile ile, muda mfupi kabla Lindbergh hajapanda jukwaani, Roosevelt alikuwa redioni anadanganya.

Naliandika neno hilo bila kulilainisha. Wiki moja nyuma, Septemba 4, manowari ya Kimarekani Greer ilikutana na nyambizi ya Kijerumani karibu na Iceland. Roosevelt aliliambia taifa kwamba nyambizi ndiyo iliyofyatua kwanza, bila onyo, tena kwa kusudi la kuizamisha Greer. Alilinganisha nyambizi za Hitler na nyoka: ukimwona nyoka amejiandaa kugonga, hungoji agonge ndipo umponde. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi mkononi, mama yake alikuwa amefariki siku nne tu nyuma. Nani angemtilia shaka? Alichoacha kusema ni kwamba Greer ilikuwa imeifuatilia nyambizi ile kwa saa kadhaa, ikiijulisha ndege ya Kiingereza mahali ilipo, na ndege ile ilishaidondoshea mabomu. Nyambizi ilikuwa inajitetea.

Wapo wanaosema, uongo mdogo dhidi ya Hitler, tatizo liko wapi? Mimi pia ningetaka Hitler ashindwe. Ila mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson naye aliliambia taifa habari nusu nusu za manowari kushambuliwa, safari hii Ghuba ya Tonkin, na Vietnam ikafuata. Seneta William Fulbright alisema baadaye kwamba ujanja wa Roosevelt kwa jambo jema ulimrahisishia Johnson kufanya ujanja kama huo kwa jambo baya. Sina cha kumwongezea Fulbright.

Na pamoja na ufundi wote huo, Roosevelt hakufika. Hili watu hulisahau. Agosti 1941, karibu miaka minne baada ya Chicago, sheria ya kuwabakiza wale vijana jeshini muda zaidi ilipita kwa kura 203 dhidi ya 202. Kura moja! Oktoba 31 manowari Reuben James ilizamishwa, mabaharia 100 au zaidi wakafa, na bado Bunge halikutangaza vita. Moto ulikuwa kwenye paa lao na wao bado wanashika mpira. Walioufungua mlango wa mbele ni Wajapani, Desemba 7, walipoishambulia Pearl Harbor, bandari ya Marekani kule Hawaii, wakafa watu 2,403. Na hata baada ya hapo vita ilitangazwa dhidi ya Japani peke yake. Ni Hitler mwenyewe aliyeitangazia Marekani vita Desemba 11, akamwondolea Roosevelt kazi ya kuomba kura nyingine. Kama kuna mtu ana hakika Roosevelt angeipata kura ile wiki hiyo bila Hitler, mimi hanishawishi.

Kura ya Desemba 8 ilikuwa 82 kwa sifuri Seneti, na 388 kwa moja kule kwa wawakilishi. Yule mmoja ni Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge lile. Alikuwa amekataa mwaka 1917 pia, lakini safari ile alikuwa na wenzake hamsini hivi. "Kama mwanamke siwezi kwenda vitani, na nakataa kumpeleka mtu mwingine yeyote," alisema. Baada ya kura ilibidi ajifungie kwenye kibanda cha simu mpaka polisi waje wamtoe. Simkubali hoja yake ya siku ile. Namheshimu kuliko wengi wa wale 388.

Wapo pia ambao hawakubembelezwa. Weusi wa majimbo ya Kusini kura walinyimwa, kwa hiyo mazungumzo ya kuota moto hayakuhitaji kuwatongoza. A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala, aliielewa hesabu hiyo. Viwanda vya silaha vilikuwa vinaajiri kwa maelfu na mlangoni vinawarudisha watu weusi. Akamwambia Roosevelt, Juni 1941, kwamba ataleta watu 100,000 waandamane Washington. Juni 25 Rais akatia saini amri namba 8802 ya kupiga marufuku ubaguzi katika ajira za viwanda hivyo. Kumbe hata fundi wa kushikisha watu mpira naye anaweza kushikishwa.

Hapo ndipo wivu ulipoanza kuniingia. Mkulima wa Kansas alikataa vita kwa miaka na miaka, na mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani akawa anamzunguka, anamtungia hadithi za mpira na nyoka, anabadilisha maneno asimuudhi, anamdanganya hata. Alimdanganya kwa sababu alimhitaji.

Babu mzaa mama alikuwa keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza. Alitokea Tunduru, na mwaka 1944 alikuwa Burma, Bonde la Kabaw, na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alichopenda kusimulia ni mvua, na ruba waliopenya mpaka ndani ya buti. Wajapani hakuwazungumzia sana.

Mwezi Februari 1942 Roosevelt aliwaomba Wamarekani wanunue ramani ya dunia waikunjue mbele ya redio, na madukani ramani zikaisha. Tarehe 23 akawatembeza baharini kwa kidole, bahari kwa bahari. Watu waliokuwa hawataki kusikia habari za mji wa Danzig kule Ulaya sasa wanatafuta kisiwa cha Java mezani, kando ya sahani za chakula cha usiku. Katika hotuba hiyo hiyo alisema Mkataba wa Atlantiki, ule alioandika na Churchill Agosti iliyopita wenye haki ya kila watu kujichagulia serikali, hauhusu nchi za pwani ya Atlantiki tu, unahusu dunia nzima. Churchill alikuwa ameshaliambia Bunge lake kwamba waliyoyafikiria zaidi ni mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Wanazi. Kwenye ramani ile Tunduru ilikuwemo, hata kama haikuandikwa.

Nilimuuliza babu mara moja tu, likizo ya darasa la sita, tukiwa tumekaa kwenye mkeka chini ya mkorosho. Nilikuwa nimetoka kusoma shuleni kwamba vita ile ilikuwa ya Wazungu. "Babu," nikamwambia, "mlikubalije kwenda?"

Akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha nyingine.

"Kukubali?" Akanyoosha mikono yote miwili, akaizungusha kifuani pake kama fundi anayechukua kipimo cha shati. "Jumbe alituita bomani, tukapimwa hapa."

Akarudi kumenya korosho zake.